Joto la Chumba cha Nyuma

Upepo wa chumba cha nyuma haukuwa na adabu. Uliingia bila kubisha, ukapitia chini ya mlango, ukapanda kitandani, ukamfunua mama wa watu miguu, kisha ukatokea darini kama mpangaji aliyemaliza kulipa kodi ya mwaka mzima. Mama mkwe aliuvumilia kwa siku chache za mwanzo. Asubuhi moja akatoka kibarazani, blanketi mbili mabegani na soksi za mwanawe miguuni, akamtazama mkwewe aliyekuwa anavua kochi la watu kitambaa chake cha zamani.

"Baba," akamwita kwa upole, "hiki chumba ulijenga wewe?"

"Nilijenga mimi, mama."

"Ulikuwa na hasira na nani?"

Mkwe alicheka mpaka kochi likatikisika. Yeye alikuwa fundi makochi, na mtaa mzima ulimwita Sponji. Jina lilimkaa. Vumbi la sponji lilikuwa nyweleni mwake, kwenye nyusi, kwenye chai, na mkewe alikuwa akisema wakizaa mtoto atatoka anabonyea. Banda lake la kazi liliegemea ubavu wa nyumba. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya tofali na hicho kimoja cha nyuma cha mbao, kilichopigiliwa haraka haraka kiwe stoo ya vitambaa, kisha kikapandishwa cheo siku mama mkwe alipofika na sanduku lake na magoti yake mabovu. Mama alikuwa ametoka bondeni kwenye joto. Huku juu, misonobari ilianza mara tu nyuma ya ukuta wa choo, na baridi ilishuka kutoka humo kila alasiri kama ng'ombe wanaorudi zizini.

Sasa, kuna jambo moja la kulijua kuhusu Sponji. Huyu mtu alikuwa na utani na kila kiumbe, mpaka wadai wake. Lakini tangu kitanda cha mama mkwe kiingie kile chumba, mguu wake haukuvuka kizingiti. Hakuna aliyemkataza. Alijikataza mwenyewe. Akitaka kumsalimia mama alisimama uani, akakohoa kidogo, akaangalia pembeni, na kupiga hodi kama mtu anayeomba kazi. Hata taa ya chumbani ilipoungua, aliisubiri shifti ya mkewe iishe ili mkewe apande kwenye kiti.

"Mkwe wangu ananiogopa kuliko polisi," mama alipenda kusema.

"Polisi hawajanizalia mke, mama," Sponji alimjibu siku hiyo, na lile swali la mama, alikuwa na hasira na nani, bado linamchoma. "Nipe siku chache. Nikimaliza, upepo ukiingia tena humo, msiniite Sponji. Niiteni Chekeche."

Kitanda kikahamishiwa sebuleni kwa muda. Chumba kikawa stoo tena, na miguu ya Sponji ikapata ruhusa.

Alikifanyia kazi kile chumba kama kochi la harusi. Mabaki ya sponji yaliyojaa bandani aliyakata vipande virefu vyembamba, akavipaka gundi, akavisukuma kwenye nyufa za mbao kwa kisu butu, ufa baada ya ufa, mpaka vidole vikachubuka. Akawa anachukua unyoya wa pamba, anaushika mbele ya ukuta kwa vidole viwili. Unyoya ukicheza, anajua pana upepo, anasukuma kipande kingine. Unyoya ukitulia, anasogea. Darini alipanga magunia yaliyoshindiliwa vumbi la sponji, kutoka kenchi hadi kenchi. Dirisha lilikuwa na nondo kwa nje na kioo kimoja. Akazungushia kioo gundi mpaka kikawa hakifunguki. Mlango ndio aliouonea huruma kuliko vyote. Aliuvalisha sponji nene ndani na nje, juu yake ngozi ya bandia nyeusi, akaupiga vifungo vya shaba kama kiti cha mkurugenzi. Ukifungwa ulisema *fup*, kama kifuniko cha ndoo mpya.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kuukagua. Huyu alikuwa dereva wa kigari cha mikate, na kwa sababu hakuweza kuongea bila mtaa wa pili kusikia, walimwita Honi.

"Shemeji," akasema akiubonyeza mlango kwa kidole, "huu ukiufunga tai unapata mkopo benki."

"Usiuchafue na unga wako."

"Na hili umesahau?" Honi akaonyesha juu ya pale kinapokaa kichwa cha kitanda. Palikuwa na matundu mawili ya hewa. Moja lilikuwa limezibwa, jingine, kubwa kama tofali, limewekewa wavu wa kuzuia panya.

Hapo Sponji aliacha utani. Akawaita wote watatu, mama, mkewe na Honi, akawasimamisha mlangoni.

"Hilo sijasahau. Hilo nimeliacha. Mama anapenda kuingiza jiko la mkaa jioni apashe magoti. Mkaa unataka hewa yake na mtu anataka yake, na humu sasa hewa haina pa kuingilia tena. Kwa hiyo lile tundu lisiguswe. Chini ya mlango pia nimeacha upana wa kidole. Na jiko litoke kabla mama hajalala. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mheshimiwa," akasema Honi.

"Mama?"

"Baba, mimi nikuelewe mara ngapi?"

Kitanda kikarudi. Asubuhi iliyofuata Sponji alisimama uani mapema kuliko kawaida, ameoga, akakohoa kidogo.

"Umelalaje, mama?"

"Nimelala, baba. Mungu akubariki mikono."

Siku hiyo alipiga mluzi mpaka wateja wakauliza kuna nini. Aliwazungusha nyuma ya nyumba mmoja mmoja waone mlango, kwa nje.

Hakujua, na alikuja kujua wakati ambao kujua hakukumsaidia mtu, kwamba mama hakuwa amelala. Upepo uliokuwa ukigawana nyufa zote za chumba sasa ulikuwa na njia moja tu. Ukajikusanya, ukapita kwenye lile tundu kama maji kwenye mpira, ukamtua mama kwenye paji la uso. Alilala amejifunga kitambaa mpaka machoni. Na angesemaje? Alikuwa ameviona vidole vya mkwewe. Aliona alivyosimama uani asubuhi, ameoga, anasubiri jibu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kumwambia mkwe wako kwamba bado unaganda, baada ya yote yale, ni sawa na kumtemea kwenye sahani.

Basi akamwambia Honi, jikoni, kwa sauti ya chini.

"Nizibie hapo juu kidogo tu. Na usimwambie mkwe wangu, atajisikia vibaya."

Honi alikumbuka maneno ya shemeji yake. Lakini alikumbuka pia kwamba chini ya mlango pako wazi, na hewa, aliwaza, itapita hapo. Akapanda kwenye kiti, akakunja koti lake la mvua, akalishindilia kwenye tundu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumwambia mtu.

Siku si nyingi baadaye, mke wa Sponji alimshika mama yake miguu akaikuta baridi kama bomba. Yeye alifanya kazi ya udobi hospitalini, akikunja mashuka kutwa nzima kwenye kelele za mashine. Akaleta blanketi la kijivu lililokwisha kazi, lenye muhuri wa hospitali pembeni, akalisokota, akamwonyesha mama namna ya kulisukumia chini ya mlango kwa ndani akishafunga. Alijua juu kuna tundu. Hakuinua macho kuliangalia. Mbona liko siku zote?

"Usimwambie mumeo," mama akamwomba na yeye.

"Nimwambie nini, mama? Aache kula?"

Hivyo ndivyo watu watatu waliompenda Sponji walivyomalizia kazi yake, kila mmoja kwa heshima, Honi na dada yake kila mmoja akiitegemea nafasi ambayo mwenzake alikuwa ameiziba.

Jiko nalo likaanza kuchelewa kutoka. Mama alilivuta kwa waya mpaka karibu na kitanda, na makaa yakishavaa majivu alisema yamekufa hayo, hayana neno, acha yamalizike humo humo.

Chumba kikapata joto. Sasa kweli.

Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji kwa ndani. Mkewe alikiangalia kutokea uani akasema kidogo kinamtia wasiwasi.

"Chumba kinatoka jasho," Sponji akamjibu. "Umeona wapi mtu anatoka jasho na ana baridi?"

"Mama anasema kichwa kinamuuma kila akiamka."

"Ni huu ubaridi wa huku. Atazoea."

"Akikaa nje kidogo kinapoa. Akiingia kulala, kinarudi."

"Si umeona? Anapenda kukaa na sisi," Sponji akasema, na mkewe akatabasamu kwa sababu alikuwa anachelewa kazini.

Mama, ambaye alikuwa akiamka kabla ya majogoo kuwakemea waliolala, akawa anatoka jua likiwa juu ya paa. Alishika ukuta akitembea. Siku nyingine alitapika kidogo, akasema ni maharage. Na asubuhi moja alitokea mlangoni nywele wazi, yeye ambaye hakuwahi kumwonyesha mkwe nywele zake, akamwangalia Sponji kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu anayemfahamu kutoka mbali.

"Umeshafunga mbuzi?" akamuuliza.

Hawakuwa na mbuzi. Mumewe ndiye aliyekuwa na mbuzi, na mumewe alikuwa kaburini.

Sponji aliangalia pembeni haraka. "Nimewafunga, mama. Kuna mmoja mbishi tu, ana sura ya Honi."

Honi, aliyekuwa anapakia makreti ya mikate, akacheka kwa sauti yake yote. Mama hakucheka. Alirudi ndani, na mlango ukasema *fup*.

"Uzee," Honi akasema, lakini kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni.

"Uzee," Sponji akakubali. Usiku ule hakusikia tena upepo ukigonga popote nyumbani, na akalala vizuri kwa kazi ya mikono yake.

Mvua ilikuja alasiri, siku mkewe yupo kazini na Honi yupo barabarani. Sponji alikuwa bandani amelilaza kochi la watu watatu kifudifudi, anang'oa pini za chini. Mama alikuwa amekula, akafua vitu vyake viwili vitatu, akaanika, kisha akavuta jiko lake kwa waya na kwenda kujinyoosha kidogo. Tone la kwanza lilianguka kwenye bati. Sponji akatabasamu bila kuinua kichwa. Alijua kitakachofuata. Mama mkwe na nguo zilizoanikwa ilikuwa vita: tone moja tu na yupo uani, magoti mabovu au mazima, anaita kila mtu mvivu mpaka mawingu yaone aibu.

Akasubiri sauti.

Mvua ikanenepa. Kwenye kamba, shuka lake la kijani likaanza kupata madoa meusi, madoa yakaungana, likalowa lote, likaanza kuburuta ncha yake kwenye tope. Hakuna aliyetoka.

Sponji alitoka mwenyewe. Alianua nguo za mama mkwe wake akiwa amefumba jicho moja, maana nyingine hazikuwa za kutazamwa na mkwe, akazirundika kibarazani, akabaki na shuka mkononi.

"Mama, nimekuanulia."

Mvua tu.

"Hodi, mama."

Akagonga mlango. Ngumi yake ikazama kwenye ngozi na sponji, na hakuna sauti iliyotoka. Akagonga tena kwa nguvu. Ilikuwa kama kugonga mto wa kulalia. Akaweka sikio. Kama mtu alikuwa anapumua ndani, au anaita, Sponji alikuwa amehakikisha kwa mikono yake kwamba hakuna atakayesikia.

Akaenda dirishani. Kioo kilikuwa cheupe kwa maji.

Alimpigia mkewe simu, ikaita ikaisha. Kelele za mashine. Alikimbia hadi kwa jirani mwenye duka kuomba mwanamke yeyote aje aingie kwa niaba yake, akakuta kufuli. Akasimama kwenye mvua akampigia Honi.

"Shemeji," Honi akapokea juu ya muungurumo wa kigari, "sema, nina mteja ananikodolea."

"Mama hajibu."

"Amelala. Siku hizi analala mchana. Si wewe uliyempa joto?"

"Jiko liko ndani," Sponji akasema.

Muungurumo wa kigari ukakatika. "Tundu si lipo?" Sponji akaendelea. "Honi. Lile tundu lipo wazi, siyo?"

Honi, mtu wa mtaa wa pili, aliongea kwa sauti ndogo ambayo Sponji hakuwahi kuisikia. "Aliniambia nisikwambie. Niliweka koti. Lakini shemeji, chini ya mlango kuna nafasi. Si uliacha chini?"

Sponji aliinama. Chini ya mlango, kwenye ule upana wa kidole, palichungulia ukingo wa blanketi la kijivu na nusu ya muhuri wa hospitali.

Alitupa simu juu ya nguo. Akausukuma mlango kwa bega. Sponji ikabonyea, ikamrudisha taratibu, kama mtu mwenye adabu anayekataa wageni. Ndani palikuwa na komeo, na komeo alilipigilia yeye mwenyewe, chuma kizuri. Alivunja kioo kwa nyundo. Mkono uliingia, nondo zikamzuia begani. Hewa iliyotoka pale ikamgusa uso, vuguvugu, haina harufu yoyote.

Mtaimbo ulikuwa bandani. Aliuchomeka kati ya mbao mbili za ukuta wa nyuma, akavuta. Misumari ililia. Alimtukana aliyeipigilia ndefu vile na karibu karibu vile, na alimjua vizuri. Ubao ulipoanza kuachia, vipande vya sponji vilivutika na gundi yake kama unga uliokandwa, havitaki kukatika, akavikata kwa meno. Ubao wa pili. Akapenya ubavu ubavu, kipande cha shati kikabaki kwenye msumari.

Chumba kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililomwamsha usingizini wiki nyingi baadaye. Hakukuwa na moshi wala fujo. Kilikuwa kimya, chenye joto la mkate, na kelele ya mvua ilikuwa mbali kama ya mji mwingine. Jiko lilikaa kando ya kitanda, majivu tupu, na katikati jicho moja jekundu. Mama alilala ubavu, mkono chini ya shavu, kanga imeteleza, uso umetulia na kunawiri kuliko siku yoyote tangu afike.

Na Sponji aliangalia pembeni. Hata pale. Alisimama ndani ya chumba cha mama mkwe, mama mkwe hajajifunika sawasawa, akageuza uso ukutani na kusema, "Mama, samahani, naingia," na akasubiri apewe ruhusa.

Ukutani aliona vipande vyake vimepangwa vizuri. Akavifuata kwa macho. Kichwa kilianza kumvuma kwa mbali, na wazo likamjia kwa upole kwamba ungekuwa ni ustaarabu kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, apumzike kidogo, kisha afanye vitu kwa mpango. Hakuona ubaya wowote katika wazo hilo. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye godoro.

Upepo ulimpiga shingoni. Uliingia kwenye uwazi wa mbao alizong'oa, wa baridi, umelowa mvua, hauna adabu, ukamwaga maji ndani ya kola yake. Sponji akashtuka kama aliyemwagiwa ndoo. Alimkamata mama mkwe kwapani, yeye ambaye hakuwahi kumshika hata mkono wa salamu, akamburuta mpaka mlangoni, akakosa komeo, akalikosa tena, akalipata. Mlango ukaachia na *fup*.

Alimlaza uani kwenye mvua. Alimpigapiga mashavu. Alimwita mama, kisha akamwita majina ya ovyo, kisha akamwita mama tena. Mvua ilimjaa mdomoni, na ni hiyo iliyomfanya akohoe, kikohozi kimoja cha chini sana, kama mlango wa mbali. Kigari cha mikate kiliingia uani kikibomoa uzio. Honi alitupa makreti kwenye tope bila kusema neno, wakampakia, na Sponji akakaa naye nyuma, akiwa amemshikilia kichwa nje ya dirisha njia nzima ili upepo umpate.

Hospitalini muuguzi aliuliza swali moja: "Mlikuwa na mkaa ndani?" Mke wa Sponji alikuwa amekuja mbio kutoka chumba cha mashine, bado na aproni. Hapo kwenye benchi, ndipo kila mtu alipotaja alichozibia. Koti. Blanketi. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na ingekuwa nafuu kama angelaumiwa mtu.

Mama aliishi. Alirudi nyumbani mwembamba, mkono wa kushoto ukitetemeka, na siku moja moja hakumkumbuka Honi mpaka Honi aongee. Sponji alimpa chumba chake na mkewe, cha tofali. Mama akakataa. Alale kwenye kitanda cha mkwe, yeye ana akili gani? Akataka chumba chake.

Basi Sponji alikivua. Alichuna ngozi ya mlango, akachokonoa sponji za ukutani, akafungua matundu yote mawili, akayapanua kwa patasi, akayapigilia nondo yasizibike kirahisi. Gunia la mkaa likafungiwa chumbani kwa mkewe. Humo yalitoka makaa ya kupikia chakula tu. Mama alipewa blanketi mpya na chupa za maji ya moto. Alikaa kitini uani akimtazama anavyobomoa, na alipofikia kipande cha mwisho akamwita.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nani alikutuma uniamshe?"

Nyundo ilisimama. Sponji alitafuta utani. Alikuwa na utani wa kila kitu, hata wa misiba, akapekua kote akakuta patupu.

"Magoti yalikuwa yamenyamaza," mama akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamweleza kama mtu anayeeleza safari. "Yote mawili. Hapakuwa na baridi mahali popote. Nilimwona mzee wangu anafunga mbuzi, amebakiza mmoja. Nikawa namsubiri. Halafu nikaona mvua." Akajivutia blanketi. "Hicho kipande kiache."

"Siwezi, mama."

"Kimoja tu."

"Siwezi."

Tangu siku hiyo hakumjibu salamu. Si kwa ugomvi. Alimwangalia tu, kama unavyomwangalia mtu aliyekaa kwenye kiti chako.

Sponji alihamisha meza yake ya kazi hadi upande wa banda unaopakana na ukuta wa mama. Alisema kuna mwanga mzuri. Hapakuwa na mwanga wowote. Matundu yalipopanuliwa yaliota filimbi. Upepo ukishuka kutoka kwenye misonobari uliyapuliza, sauti nyembamba, mbaya, isiyo na wimbo, asubuhi mpaka asubuhi. Wateja walilalamika. Honi alisema ni kama kuishi ndani ya birika. Sponji aliipenda ile sauti kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Ikipiga, alifanya kazi. Mkewe alimkuta mara nyingi ameinamisha kichwa kwenye kochi la watu, pini haijaingia, anasikiliza.

Alasiri moja baridi alikuwa anashona mto. Mkewe alikuwa ndani amelala baada ya shifti, sufuria ya chakula imeshaepuliwa. Upepo ulikuwa mkali. Alipitisha uzi, akauvuta, akapitisha tena, na ilimchukua muda kuelewa kwa nini ameacha kushona.

Filimbi ilikuwa imenyamaza.

Aliinua macho. Nyuma ya choo, vilele vya misonobari vilikuwa bado vinainama, vyote upande mmoja, chini kabisa. Akageuka kuangalia jikoni. Pale jiko linapokaa palikuwa na duara la majivu tu, na kutoka kwenye duara mstari mwembamba wa kuburutwa, umekata uani, umeelekea nyuma.

Sponji aliinuka na mtaimbo. Hakupiga hodi.